Picha Kumi na Mbili za Bi Rukia

Nimestaafu kupiga picha nikiwa na miaka thelathini na nne. Wanaosikia hivyo hunitazama kichwani kutafuta mvi, na wasipoziona hucheka, nami hucheka nao, kwa sababu kucheka sijastaafu. Bado naamka alfajiri kwenda kupanga sahani za chakula cha abiria wa ndege hapa Euless, pembeni ya Dallas, kazi ambayo haiachiki mpaka mgongo wenyewe useme basi. Niliyoiacha ni ile nyingine, ya wikendi, ambayo kwa miaka kumi na tatu ndiyo niliyoihesabu kuwa kazi yangu hasa.

Nyinyi wadogo zangu mnaopiga picha sasa kwenye kumbi za wanawake, kuanzia Arlington mpaka Houston, mmeniomba niwaandikie ninayoyajua. Shule yangu iliishia darasa la nane, Mombasa, kwa hiyo msitarajie maneno ya kitabuni. Mlitaka hasa niwaambie lenzi ipi ni nzuri kwa picha ya uso. Swali hilo linajibika kwa sentensi moja. Mimi litanichukua kurasa kadhaa, kwa vile nililijibu vibaya, na aliyeumia si mimi.

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika kamera. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nimesikia kwamba Alief, mtaa wa Houston, kuna mama wa Kizanzibari, Bi Saumu, anayepiga picha za harusi upande wa wanawake na anatafuta msaidizi. Niliazima gari, nikaendesha saa nne nzima, njiani nikijiona tayari nina studio yenye jina langu kwa taa nyekundu. Nilipofika, Bi Saumu alinipa kiti cha plastiki mlangoni mwa ukumbi.

"Kaa hapa. Kila mkoba unaoingia, ufungue. Kamera utakayoiona, ichukue, itie kwenye kapu."

"Hata za wazee?"

"Za wazee ndizo hasa. Mashangazi ndio wezi wa picha."

Hadi jioni kapu lilikuwa na kamera kumi na tisa. Kumi na tano zilikuwa za mashangazi.

Sababu mnaijua, lakini niiandike kwa ajili ya atakayeokota daftari hili. Ndani ya ukumbi ule buibui zimevuliwa, nywele zimesukwa, mabega yako wazi na dhahabu iko nje. Mwanamume haingii. Na kama mwanamume haingii, basi na picha isiende mikononi mwa mwanamume. Duka la picha la kawaida halikufaa, maana pale mkanda huoshwa na kijana asiyekujua, na picha zikitoka hupita mbele ya kila aliyesimama kwenye kaunta. Bi Saumu aliziahidi nyumba zote kwamba tangu kwenye kamera mpaka kwenye albamu hakuna jicho la kiume litakalopita. Kwa hiyo mikanda aliiosha mwenyewe, chooni kwake.

Dirisha la choo lilizibwa kwa karatasi ya kung'aa ya jikoni, juu yake blanketi mbili, juu yake mkeka. Juu ya beseni la kuogea palilazwa ubao, na juu ya ubao sinia tatu za dawa, ya katikati ikinuka siki. Picha zilikuwa nyeusi na nyeupe tu, kwa sababu za rangi zinataka maji ya joto lisilobadilika, na bomba la nyumba ile lilikuwa na tabia zake. Siku za kuosha, mumewe Bi Saumu alikwenda kuomba choo kwa jirani Mnigeria. Miaka ilivyopita wakawa marafiki wakubwa.

Dawa ikishachanganywa haikai, ndiyo maana Bi Saumu alingoja mpaka ifike mikanda sita ndipo achanganye. Mikanda sita. Wakati mwingine ni wiki moja, wakati mwingine ni mwezi na nusu. Hakuna bibi harusi aliyewahi kulalamika, maana bibi harusi haendi popote.

Lenzi yake ilikuwa ya milimita hamsini, ya zamani, imekwaruzika pembeni, na pete yake ya kulengea ngumu kama kifuniko cha achari. Ni lenzi isiyovuta wala kurudisha. Ukitaka mtu awe mkubwa unakwenda kwa miguu yako. Lenzi ya namna hiyo ina tundu kubwa ndani. Ukilifungua mpaka mwisho, mwanga unaingia mwingi, unapiga ndani ya nyumba bila flashi, na vitu vya nyuma ya mtu vinayeyuka kama samli. Lakini sehemu inayotoka kwa uwazi inakuwa nyembamba, nyembamba. Namba ikiwa ndogo ndiyo tundu limekuwa kubwa, msiniulize kwa nini, walioandika hawakutufikiria. Lenzi ya Bi Saumu ilifunguka mpaka moja nukta nane. Yeye alikomea nne. Na kabla ya kupiga picha ya uso alitoa futi ya fundi cherehani kwenye mkoba, akapima kutoka kamera hadi jicho la mtu, kama anamshonea gauni.

"Bi Saumu, si ufungue zaidi? Nyuma kule kunaonekana jokofu."

"Liache lionekane, limenunuliwa. Nionyeshe macho mawili, Mwanaidi. Mtu ana macho mawili. Jicho moja wazi na moja ukungu, huyo ni mgonjwa."

Nilikaa naye miaka mitano. Nikajifunza kubeba, kupima, kuosha, kukausha mikanda kwenye kamba ya nguo, na kunyamaza. Kisha nikaanza kupokea harusi za huku Dallas na Arlington peke yangu, nikimpelekea mikanda Alief, na nikataka lenzi yangu mwenyewe.

Dallas palikuwa na duka la kamera za mkono wa pili. Mzee mwenye duka alinitandikia kitambaa cha kijani, akaweka lenzi tatu. Sikuweza kuamua. Nikatoka nje nikampigia Bi Saumu kwa simu ya sarafu, magari yakinipigia kelele sikioni.

"Zipo tatu. Hamsini kama yako. Themanini na tano yenye moja nukta nane. Na themanini na tano nyingine, ya moja nukta mbili."

"Chukua ya katikati. Hamsini ukimsogelea mtu inamkuza pua, mimi nimeshazoea kusimama mbali. Ya katikati inatosha, na shingo yako itakushukuru."

"Lakini hiyo kubwa, Bi Saumu! Ukitazama kioo chake unajiona mzima, na ushungi wako!"

"Kwani nyumbani huna kioo?"

"Ina mwanga."

"Ina mwanga, haina subira. Moja nukta mbili ni jicho la bundi, mwanangu. Mtu akipumua tu umemkosa. Njoo na ya katikati."

Nikasema naam, Bi Saumu. Nikarudi dukani nikachukua ile kubwa.

Sitawadanganya, niliipenda. Ilikuwa nzito kama kinu. Nilipoifungua mpaka mwisho, ukumbi wenye viti vya kukunja na vifaa vya zimamoto ukutani ukageuka mawingu, na katikati yake bibi harusi kama ameshuka. Picha zangu zilianza kusemwa. Watu wakauliza, huyu nani? Nami nikatembea kwa madaha. Sikujua kwa nini nafaulu. Bibi harusi wetu amefunzwa kutulia. Anakalishwa kwenye kiti, macho chini, haongei, hageuki, hacheki, saa nzima na zaidi. Hata jiwe linahangaika kuliko yeye. Nilidhani ni ufundi wangu, kumbe ni wao.

Sasa Bi Rukia.

Bi Rukia alikuwa mwenzangu kwenye mstari wa sahani pale Euless, mama wa Tanga, amenizidi kama miaka kumi na mitano. Mimi naweka mkate, yeye anaweka siagi. Alimwacha huko binti yake, Zuhura, akiwa na miaka minne, na wakati ninaousema Zuhura alikuwa na kumi na tano. Karatasi za Bi Rukia zilikuwa mahali fulani ndani ya ofisi fulani, na mpaka zitoke hakuweza kwenda nyumbani akarudi. Kila Jumapili alinunua kadi ya simu, na kila simu aliimaliza kwa maneno yale yale: "Nakuja, mwanangu. Nakuja." Tukiwa mapumzikoni tulimsikia, sote tukatazama chai zetu.

Kisha figo zikamwangusha. Alikuwa akienda kwenye mashine ya kusafisha damu siku tatu kwa wiki na siku zilizobaki anakuja kazini, uso umevimba, anatania.

"Da Mwanaidi," akaniambia siku moja juu ya siagi, "nataka picha. Zuhura anayo ile ya pasipoti, na kwenye pasipoti kila mtu ni mshitakiwa. Nataka anione nilivyo nyumbani. Kichwa wazi, na vipuli vya mama yangu."

"Nitakupiga, Bi Rukia. Nina lenzi itakayokufanya malkia."

"Nifanye mimi. Yeye hanijui."

Nilimwambia kwamba mkanda wa rangi ungeoshwa siku ile ile, duka la dawa, ambalo huku huosha na picha, lilikuwa hatua mia mbili kutoka fleti yangu, wanaosha kwa saa moja. Akanitolea jicho.

"Nywele zangu hajaziona mwanamume asiye wangu. Leo nikamwonyeshe kijana wa duka la dawa? Mpelekee Bi Saumu wako."

Alikuja Jumapili asubuhi, amevaa gauni la maua. Alivua mtandio akaukunja mara nne kama anafunga duka. Nilimkalisha pembeni ya dirisha, na nyuma yake nikaacha pazia la shanga la mlango wa jikoni, maana nilijua tundu la moja nukta mbili litaligeuza kuwa miviringo mingi ya mwanga. Kwenye kamera mlikuwa na mkanda wa harusi ya Arlington, umebakiza picha kumi na mbili. Sikuweka mpya. Sisi hatukutupa mkanda ulioanzwa.

"Nitazame wapi?"

"Ndani ya kioo, hapa."

"Huko ndiko aliko Zuhura?"

"Huko huko."

Alicheka, akatulia. Nikalenga jicho lake, nikazungusha pete polepole mpaka kope zikahesabika, nikasema "sasa", nikabonyeza. Ndiyo ilikuwa desturi yangu: nalenga, nasema sasa, nabonyeza. Mara kumi na mbili. Futi ya Bi Saumu nilikuwa nayo kwenye droo. Kufunga tundu hadi nne kulitaka kidole kimoja na nukta ya wakati. Lakini zile shanga nyuma yake, mngeziona! Nilikuwa nazitazama hizo. Mungu anisamehe, nilikuwa natazama shanga.

Nikampigia Bi Saumu kumwambia nina mkanda. Akasema, "Huo ni wa tatu. Bado mitatu." Sikumwambia ni wa mgonjwa. Niliona aibu kumharakisha, na harusi zilikuwa nyingi mwezi uliofuata, itafika tu sita.

"Picha vipi?" Bi Rukia akauliza kazini.

"Bado, Bi Rukia."

"Ngoja basi. Mimi siendi popote."

Wiki ya tano hakuja kuweka siagi. Msimamizi alituambia saa ya chai, amesimama, kofia ya nyavu mkononi. Tulimzika kesho yake kama tunavyozika, haraka na wachache, na mimi niliyekuwa na kamera nyumbani sikuwa na uso wa kuifungua.

Siku mbili baadaye niliendesha hadi Alief bila kutoa taarifa. Bi Saumu alinitazama mlangoni, akatazama mkanda, akachanganya dawa kwa mkanda mmoja. Tulisimama chooni gizani, bega kwa bega, akihesabu dakika kwa sauti ya chini. Alipowasha taa, akaunyanyua mkanda unaodondoka maji, akaupitisha mbele ya balbu. Harusi ya Arlington, safi. Kisha akafika kwa Bi Rukia. Akapunguza mwendo. Akarudi nyuma, akaenda mbele.

"Macho yako wapi, mwanangu?"

Tulichapa zote kumi na mbili, tukitumaini mashine ya kukuza ingekuwa na huruma kuliko sisi. Vipuli vilikuwa wazi kabisa, ungeweza kuona sonara alipotia tupa. Nywele juu ya sikio, uzi kwa uzi. Na kuanzia hapo kuja mbele, shavu, macho, mdomo, ukungu. Ukungu mzuri, laini, wa gharama. Nyuma, shanga zinang'aa.

Nililia nikiwa nimekaa juu ya kifuniko cha choo. Bi Saumu hakunibembeleza wala hakunikumbusha ya duka la Dallas, na mpaka leo natamani angenikumbusha. Alisema tu, "Ungeniambia anaumwa, ningeosha mkanda mmoja. Ungeniambia tu."

Nikachagua iliyo nafuu, nikaituma Tanga. Ndani niliandika kwamba mwanga ulikuwa mdogo. Ni uongo, dirisha lile lilikuwa na jua la kutosha kukaushia papa.

Zuhura alipiga baada ya mwezi. Sauti ya mtoto mkubwa, imenyooka, ya mtu aliyejiandaa.

"Da Mwanaidi, picha imefika. Ahsante. Vipuli ni vya bibi, nimevitambua."

"Pole, mwanangu."

"Nataka kukuuliza. Hapa ananitazama mimi, au anatazama pembeni? Nimeigeuza kila namna, sioni."

Nikasema, "Anakutazama wewe." Nilisema upesi, kama muuza nguo anayesema rangi haichuji. Ukweli ni kwamba sikujua. Mwanzo alitazama kioo, ndiyo, nilimwelekeza mwenyewe, lakini kati ya kulenga na kubonyeza alitazama wapi? Nilikuwa naye chumba kimoja, hatua mbili kati yetu, na sikumwona.

Zuhura akasema, "Alikuwa akiniambia anakuja. Miaka yote. Mwishowe nilikuwa namwacha aongee, simsikilizi." Simu ikakatika, nadhani salio, au ni yeye.

Niliendelea na kazi miaka mingine saba, kwa sababu watu waliendelea kuoa. Tundu nililifunga hadi nne na halikufunguka tena. Nikapima kwa futi. Picha zangu zikawa na majokofu, na watu wakaacha kuuliza huyu nani. Kisha zikaja kamera zisizo na mkanda, zikaja simu zenye kamera, kapu la mlangoni halikutosha tena na mashangazi wakashinda vita. Bi Saumu alihamia kwa mwanawe Minnesota. Mumewe akarudishiwa choo uzeeni. Aliniachia ile hamsini yake iliyokwaruzika, nami nikaona basi, nimefika.

Mwezi uliopita nilikuwa nafungasha mikanda ya miaka yote, nikaukuta ule. Sikutaka kuutazama. Nikautazama. Mnajua kwamba hamsini ukiigeuza nyuma mbele inakuwa kioo cha kukuza. Nikaubandika mkanda dirishani, lile lile, nikapitisha jicho picha moja moja kwa lenzi ya Bi Saumu.

Mtu anayeyumba kwa ugonjwa huyumba huku na huku. Ungekosa picha moja kwa mbele, moja kwa nyuma, moja ungeipata kwa bahati. Nimefanya kazi hii miaka kumi na tatu, najua makosa yanavyotawanyika. Haya hayakutawanyika. Zote kumi na mbili, kilicho wazi ni kipuli, kile kile, na macho yako mbele yake kwa upana ule ule wa vidole vinne. Yaani kila mara nilipomlenga alikuwa ametulia vizuri. Na kila mara niliposema "sasa", alisogea mbele, kuingia kwenye kioo, na mahali nilipolenga jicho pakafika kipuli. Mara kumi na mbili. Hakuna anayeinama hivyo kumfuata mtu anayemtazama kwa pembeni.

Nilipiga namba ya Tanga, haipo tena. Niliandika barua, imerudi na muhuri wa posta na neno moja la kalamu nyekundu, amehama. Wanaomjua wanasema aliolewa, wengine Dar, wengine Muscat. Sina pengine pa kuuliza. Nimekaa na jibu mkononi kama mtu aliyebaki na chenji ya mtu.

Lenzi nzuri kwa picha ya uso ni themanini na tano, tundu la moja nukta nane, ifungeni mpaka nne. Ndiyo sentensi mliyoitaka. Ile kubwa iko kabatini nyuma ya unga, anayeitaka aje aichukue, mimi siwezi kuiuza wala kuitupa.

Lakini nyinyi mnaitwa harusi za mbali kuliko nilivyoitwa mimi, mpaka Dar, mpaka Muscat, na mnaingia kumbi ambazo mimi sitaingia. Mkikuta huko mwanamke anaitwa Zuhura, asili yake Tanga, kama anapenda dhahabu atakuwa amevaa vipuli vya zamani vyenye alama ya tupa chini, tulimpelekea baadaye. Mwambieni Da Mwanaidi alimjibu kwa kubahatisha. Mwambieni macho siwezi kumrudishia. Lakini ukungu ule nimeupima, nao ni wa mtu aliye safarini. Mwambieni mama yake alikuwa anakuja.